Msichana Mmoja wa Torbi Hatoshi

Mei 2022, Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka Kaunti ya Marsabit kaskazini mwa Kenya, alitangazwa jijini Dubai kuwa mshindi wa tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians, akaondoka na dola 250,000. Magazeti yalimsifu, na alistahili. Lililopitwa haraka ni kwamba kijijini kwake Torbi alikuwa msichana pekee aliyesoma. Baadaye alijenga shule huko: asubuhi wanasoma watoto, mchana watu wazima.

Kila msimu wa mahafali, wageni wa heshima huwahimiza wasichana wa jamii za wafugaji wasomee uuguzi. Himizo lenyewe halina ubaya, ila hufika saa imekwisha. Stashahada ya uuguzi katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC imekuwa ikidai wastani wa C kwenye mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na Baiolojia nayo isipungue C. Aliyeiona hadubini kwenye picha ya kitabu tu anahitaji mwalimu wa Baiolojia kabla ya hotuba. Kwa mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, mkondo wa masomo huchaguliwa mapema zaidi. Asiye na shule ya sayansi ya kufikika huenda akaupa uuguzi kisogo akiwa na miaka 15 hivi.

Hasara haimwangukii yeye peke yake. Kwenye kliniki ya wajawazito, muuguzi mgeni asiyejua lugha ya wenyeji anauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Swali linapitia kwa mama mkwe, na jibu linarudi limechujwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza vyuo vipokee vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kuhudumu huko.

Wapo wanaohofia kwamba kulegeza alama za kuingia chuoni ili kuwapokea vijana hao kutazaa wauguzi dhaifu. Hofu hiyo ina msingi: dawa ikizidishwa haiulizi mtu ametoka wapi. Basi walegezewe mlango, wapewe mwaka wa matayarisho, na mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi ubaki uleule kwa wote.

Kigumu zaidi ni ajira. Mwaka 2017 wauguzi waligoma takriban miezi mitano. 2021 serikali ikatia saini mkataba wa kuwapeleka Uingereza, ilhali nyumbani zahanati zina upungufu wa wauguzi. Mzazi anayeuza ngamia kulipa karo ana haki ya kuuliza kazi iko wapi. Tangu 2013 mwajiri mkuu wa wauguzi wa umma ni kaunti, kwa hiyo barua ya basari ya kaunti ingefaa itaje pia zahanati ambako mwanafunzi ataajiriwa.