Udongo wa Shamba Lako Si wa Serikali



Katika vijiji vyetu vya milimani kuna neno moja ambalo watu wazima hulisema bila haya, na vijana hulipokea kama hekima. Bwana shamba akija kutaja makinga maji, hujibiwa, "Hiyo ni kazi ya Serikali. Serikali ikitaka matuta, na ilete posho." Kisha kila mtu hurudi shambani kwake, akalima kutoka juu kwenda chini kama alivyozoea, na mvua kubwa ya kwanza huuchukua udongo mweusi na kuutia mtoni. Mto ukigeuka rangi ya matofali, twafurahi kwamba mvua ya mwaka huu ni nzuri. Neno hilo nalipinga, maana ni neno la kutuletea njaa.

Kwanza yafaa tukiri kwamba neno hilo lina asili yake, wala wazee waliolianza hawakuwa wapumbavu. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa ardhi katika milima ya Uluguru, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Lakini katika milima ile udongo mzuri ni mwembamba. Ngazi zilipochimbwa, udongo mweusi ulifukiwa chini, na udongo mwekundu usio na rutuba ukaja juu. Mtu alitoa nguvu zake bila kupenda, naye hakuona faida. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa. Basi wazee walikataa amri mbaya, na haki ilikuwa yao.

Lakini sisi tumerithi nini? Tumerithi hasira, tukaisahau sababu yake. Utawala wa Waingereza ulikwisha mwaka 1961, na amri ile haipo tena. Kilichobaki ni mteremko na mvua, na mvua haiulizi ni nani anayetawala. Mtu anayeliacha shamba lake liliwe na maji ili kumkomoa mtawala aliyekwisha kwenda zake, anamkomoa nani isipokuwa mwanawe mwenyewe?

Watazameni Wakamba wa Machakos, katika nchi ya Kenya. Miaka ya 1930 wakubwa waliandika kwamba nchi yao imekufa kwa makorongo. Serikali ikataka kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu, nao mwaka 1938 wakaenda Nairobi kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kuikataa amri hiyo. Hawakuwa watu wa kuburutwa. Lakini baadaye, bila kuburutwa, watu hao hao walishika majembe wakachimba makinga maji katika mashamba yao, wakisaidiana kwa vikundi. Huchimba mfereji kwa kukingama mteremko, na udongo wake huutupa upande wa juu. Nao husema "fanya juu", na jina hilo limekwenda mpaka nchi za mbali. Mvua huujaza udongo nyuma ya tuta mwaka kwa mwaka, hata shamba likawa ngazi lenyewe, bila udongo mzuri kufukiwa. Kutoka miaka ya 1930 mpaka 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Waliokuwa wakisema kwamba watu wakizidi nchi hufa, wameaibika.

Labda mtu atasema, "Wakamba wako karibu na soko la Nairobi, ndiyo sababu walijitahidi." Ni kweli, soko humtia mkulima moyo. Lakini Wamatengo wa Mbinga je? Walipokimbilia milimani katika karne ya 19, wakisukumwa na vita vya Wangoni, soko lilikuwa wapi? Bwana shamba alikuwa wapi? Walijikuta juu ya miteremko mikali, wakatengeneza ngoro kwa akili yao wenyewe. Mvua zikielekea kwisha, hufyeka majani, wakayalaza mistari ya kukatana kama miraba ya mkeka. Kisha huchimba shimo katikati ya kila mraba, na udongo wa shimo huyafunika majani. Juu ya matuta hayo hupanda maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mashimo huyashika maji pamoja na udongo unaosombwa, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kazi hiyo imedumu zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyewalipa posho.

Udhuru wa pili ni huu: "Hatuna fedha wala vyombo vya kupimia." Basi sikilizeni chombo chenyewe. Twaa fito mbili za urefu mmoja, uzifunge pamoja juu na kuzitanua chini. Kingamisha fito ya tatu katikati, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha miguu yake juu ya ardhi iliyo sawa kabisa, na pale kamba inapogusa fito ya katikati tia alama. Kisha nenda nacho shambani ukikizungusha mguu kwa mguu, na kila mara kamba ikikaa kwenye alama, piga kigingi. Mstari wa vigingi hivyo ndio mstari wa kukinga maji. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja. Mabingobingo ya kupanda juu ya tuta utayapata kwa jirani, na ng'ombe wako atakushukuru. Tena, mabua ya mahindi uliyozoea kuyatia moto, yalaze chini yaoze. Mtu anayechoma mabua yake kisha akalia hana fedha za mbolea, fedha zake zimekwenda na moshi.

Lakini nisingemaliza neno langu kama ningeishia shambani. Wako watu wenye matuta mazuri ambao mwezi wa pili hukopa unga. Tuna methali isemayo, "Akiba haiozi." Methali hiyo ni ya kweli kwa mwenye kuitunza tu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 nchi yetu ina mdudu aitwaye dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza upande wa Tabora. Mdudu huyu hupenda hasa mahindi yaliyo bado katika magunzi, na mihogo mikavu. Nasi tunafanya nini? Tunayapanga magunzi darini juu ya meko kama babu zetu, ambao hawakumjua dumuzi, na baada ya miezi michache twakuta vumbi. Udongo tuliouokoa kwa jasho huliwa darini! Wengine, kwa kumwogopa dumuzi, huuza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa ya chini, kisha hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu.

Dawa yake haina uchawi. Pukuchua mahindi mapema, yaanike juu ya turubai wala si juu ya ardhi tupu, kisha uyapime. Tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yakikauka, yatie katika mfuko wenye safu mbili za plastiki ndani, au katika pipa safi la bati lenye kifuniko cha kubana, uyafunge hewa isiingie. Wadudu walio ndani huimaliza hewa iliyomo, nao hufa bila sumu yoyote. Neno la kukauka msilidharau, maana nafaka mbichi huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu. Mwaka 1916 hatukuwapo, lakini mwaka 2016 tulikuwapo sote, wakati watu wasiopungua 19 walipokufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sisemi kwamba Serikali haina wajibu. Inao wajibu wa kutuletea mabwana shamba wanaojua kazi, na kuwazuia wauzao dawa za uongo. Tudai hayo kwa sauti kubwa. Lakini anayedai huku jembe limelala, nani atamsikiliza?

Basi, ndugu zangu, kabla ya mvua zijazo kila nyumba na ipime mstari mmoja tu, katika shamba moja tu, na kuchimba. Mwaka wa pili mstari wa pili. Na wakati wa mavuno, gunia la kwanza lisiende sokoni mpaka mahindi ya chakula cha nyumbani yamekwisha kupukuchuliwa, kukaushwa na kufungwa. Atakayengoja posho na angoje. Lakini asije mwezi wa pili kubisha hodi kwa jirani yake akiwa na kibaba mkononi.