Silikoni yenye vitundu: wanahisa walinunua hiki, wakalipwa na kile

Mwanahisa aliyeweka fedha zake katika kampuni ya pSivida ya Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijua anachonunua: silikoni yenye vitundu vidogo mno, iliyopewa jina la kibiashara BioSilicon. Sayansi yake ilikuwa safi. Mwaka 1990 Leigh Canham, katika maabara ya serikali huko Malvern, Uingereza, alionyesha kuwa silikoni ya namna hiyo hutoa mwanga. Mwaka 1995 akaonyesha kuwa huyeyuka taratibu katika maji yanayofanana na maji ya mwili. Gramu moja ina mamia ya mita za mraba za uso wa ndani, nafasi tele ya kupachika dawa, na chombo kikimaliza kazi hutoka na mkojo. Mwaka 2009 watafiti wa San Diego, Marekani, walitumia chembe zake zinazong'aa kupiga picha ndani ya panya hai.

Lakini panya hanunui dawa.

Mwisho wa 2005 pSivida iliungana na Control Delivery Systems ya Marekani, yenye ujuzi wa vijibomba vya plastiki vinavyopandikizwa jichoni na kutoa dawa kidogo kidogo. Kimoja, Iluvien, kilipewa leseni kwa kampuni ya Alimera. Wakaguzi wa dawa wa Marekani walirudisha maombi yake mara tatu, 2010, 2011 na 2013, kabla ya kukubali Septemba 2014. Hapo pSivida ikapokea dola milioni 25. Fedha hizo zilitoka kwenye kijibomba, si kwenye vitundu. Mwaka 2018 kampuni ikabadili jina kuwa EyePoint Pharmaceuticals. Jina lenyewe lasema macho.

Hakuna aliyeibiwa. Uongozi ulifuata bidhaa iliyokuwa karibu na sokoni, na ulifanya vyema. Kosa ni la mwekezaji mdogo anayesoma habari za maabara na kuruka ukurasa wa leseni, mahali panapoonyesha nani atalipwa, lini, na kwa idhini ipi. Mtaji wa kusubiri miaka 20 si wa karo za shule.

Silikoni nayo haikufa. Chembe zake zilizobeba fosforasi-32 kwa ajili ya saratani ya kongosho zilihamia kwa leseni kwenye kampuni nyingine ya Australia, OncoSil Medical, iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2020, robo karne baada ya jaribio la 1995. Mfanyabiashara atazame jambo moja hapo: fosforasi-32 hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya siku 14 hivi. Bidhaa ya namna hiyo hailali ghalani ikisubiri bei. Hutengenezwa kwa mgonjwa anayejulikana na kusafirishwa kwa tarehe, na ndege ikichelewa, hasara imekwisha kuingia.