Kumrudisha samaki majini si ujinga

Juzi cuzo yangu aliye Minnesota, kule Marekani, alinitumia video. Yuko kwenye boti ndani ya Ziwa Mille Lacs, ameshika muski mrefu kama mtoi wa nasari, mdomo wote meno. Nikajua hiyo jioni ni karamu. Kumbe wapi! Alimpima, akapiga picha moja, akamshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachilia. Nilipoonyesha watu wa nyumbani, walicheka mpaka machozi. "Huyo amerogwa," mjomba akasema.

Hata mimi nilicheka. Sasa sicheki, na sababu ni hii.

Mille Lacs ni ziwa pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake ni kidogo: pale penye kina zaidi ni kama mita 13 tu. Upepo ukivuma, maji yote yanachafuka, na hapo ndipo wolai anaamka. (Ndio, wolai, si ile walai yenu ya kuapa.) Macho yake yanang'aa ukimmulika na tochi, na anaona poa penye mwanga hafifu. Ana nyama tamu, na huyo hata cuzo humkaanga akiruhusiwa.

Muski ni stori nyingine. Wavuvi humwita samaki wa kurusha ndoano mara elfu kumi. Anafuata chambo mpaka kando ya boti, anakuangalia, kisha anaenda zake. Ziwani ni wachache, na kufika ule ukubwa huchukua zaidi ya miaka kumi. Ndio maana katika maziwa mengi ya Minnesota, muski asipofika sentimita 137 hivi, lazima arudi majini.

Msidhani kule kila kitu ni shwari. Wolai wa Mille Lacs walipungua mpaka 2016, msimu wa kuvua kwa boti, hukuruhusiwa kubeba hata mmoja. Kuna wenye walilaumu Waojibwe, ambao huvua kwa nyavu kulingana na mkataba wa 1837, haki iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1999. Kulaumu jirani ni rahisi. Lakini maji pia yalikuwa yamebadilika, yakawa maangavu zaidi, kome wageni wakavamia, na wolai wachanga wengi hawakuwa wanafika ukubwani.

Pia kuachilia samaki hakukufanyi malaika. Ukimchosha sana siku ya joto, au ukimweka juu ya boti dakika tano ukitafuta selfi kali, anaweza kufa ukishaenda zako.

Sasa tuje kwetu Ziwa Victoria. Kuna mtu ataniambia cuzo ana mshahara na anavua kujifurahisha, lakini mvuvi wa Homa Bay anatafutia watoto unga. Ni kweli kabisa. Siwezi kaa Nairobi na bando zangu nimwambie arudishe chakula majini. Yangu ni kwetu sisi wanunuzi. Mbuta mchanga na ngege wa saizi ya kiganja wako sokoni kwa sababu tunawabeba, eti ni wa bei nafuu. Mimi mwenyewe nimewabeba. Omena ikifungwa Aprili hadi Julai, sisi ndio wa kwanza kulia. Tukikataa wale wadogo, nyavu za macho madogo zitakosa faida bila hata polisi kuja.

Mjomba, yule aliyecheka, alivua zamani. Kila Krismasi hutuambia vile mbuta mmoja alikuwa anabebwa na wanaume wawili kwa mti. Safari hii nilimuuliza, "Mjomba, hao wakubwa walienda wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu weka tena ile video."