Acheni Kuificha rm Nyuma ya Aliasi

Wapenzi wa Linux, leo nina neno kuhusu aliasi, vile vifupisho vya amri. Hapa Machakos vijana wanaokuja kwetu kwa atachimenti huja na laptopu ambazo .bashrc imejaa aliasi walizonakili mtandaoni. Nyingi hazina ubaya. Umechoka kuandika git status kutwa nzima? Weka hii kwenye ~/.bash_aliases:

alias gs='git status'

Ubuntu huisoma faili hiyo kila unapofungua terminali. Ukiiandika kwenye terminali pekee, ukifunga dirisha imepotea. (Andika kwanza type gs. Ghostscript nayo hutumia jina hilo, usije ukamnyang'anya mwenyewe.)

Ninayoipinga ni hii:

alias rm='rm -i'

Inaonekana ya busara, maana kila ukifuta unaulizwa kwanza. Red Hat humpa root aliasi hiyo ikiwa tayari. Lakini Debian na Ubuntu haziiwashi, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu mkono huzoea kuulizwa. Kijana aliyezoea kuandika rm *.log akisubiri swali, siku moja ataingia kwa ssh kwenye seva ya Ubuntu ya mteja, aandike vilevile, na hakuna atakayemuuliza chochote. Faili za biashara ya mtu zimeenda, na rm haina pipa la taka. Tena anayechoshwa na maswali huongeza -f, nayo huizima ile -i.

Ukitaka ulinzi, upe jina jipya:

alias futa='rm -i'

Kwenye seva ngeni, futa itakataa tu kwamba amri haijulikani. Hasara gani hiyo? Na nani alisema lazima tufupishe kwa Kiingereza?

Fish, sheli nyingine (si ile ya kuuza mafuta), imefanya vizuri zaidi:

abbr -a gs git status

Ukiandika gs kisha nafasi, inajifungua mbele ya macho yako ikawa git status. Unaona unachokaribia kutekeleza, na historia inabaki na amri kamili. Tangu toleo la 3.6 la mwaka 2023, abbr mpya hazijihifadhi zenyewe, uziandike kwenye config.fish. Mimi nimefurahia. Faili hiyo naiweka kwenye git, nikipata mashine nyingine naivuta na kuendelea na kazi.