Mitaa Miwili ya Lisbon

Sisi watu wa pwani Mreno twamjua kwa ngome yake ya 1593, lakini mji alikotoka wengi hatuujui. Lisbon una mtaa uitwao Alfama, na jina lenyewe ni Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi za maji moto. Waislamu waliukaa mji huo takriban miaka 400 hadi ulipotekwa 1147. Mwaka 1496 Mfalme Manuel akaamuru Waislamu na Mayahudi watoke Ureno. Ni Manuel yuyo huyo aliyemtuma Vasco da Gama mwaka uliofuata. Watu walikwenda, jina likabaki. Hata tetemeko la 1755, lililoubomoa mji, liliviacha vichochoro vingi vya Alfama.

Upande wa pili, juu kilimani, ni Bairro Alto, mtaa ulioanza 1513. Huko njia zimenyooka. Magazeti yalipigwa chapa huko, na njia moja yaitwa kwa jina la gazeti, Diário de Notícias. Washairi, wachoraji na waimbaji wa fado walikesha huko; ulevi nao umo, tusifiche.

Leo maradhi yao ni mamoja. Nyumba zapangishwa watalii kwa siku, mwenyeji ashindwa na kodi. Halmashauri ya mji ilisimamisha leseni mpya mitaani humo 2018, wengi wakiwa wamekwisha hama.

Mombasa isingoje hivyo. Serikali ya kaunti iweke kiwango cha nyumba za wageni Mji wa Kale sasa, wakati barazani bado mna wenyewe.