Mgonjwa wa Presha Naye Asikilizwe

Shinikizo la juu la damu, ambalo wananchi wengi hulijua kwa jina la presha, ni maradhi ya kimyakimya. Mtu aweza kuishi nayo miaka mingi asione dalili, hata siku ile kiharusi kinapomwangusha. Nayo si maradhi ya wakubwa wa mijini peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hapa Tanzania karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa nayo.

Taarifa zetu za afya huhesabu majengo, watumishi na vifaa. Hayo ni mema. Lakini mgonjwa wa presha ana kipimo chake mwenyewe. Yeye huuliza: Je, dawa niliyopewa mwezi uliopita ipo na mwezi huu? Je, nimeelezwa maana ya hizo namba mbili zilizoandikwa katika kadi yangu? Je, yupo anayejua kwamba sikurudi?

Wako wanaosema kuwa wagonjwa hawa ni wakaidi, kwani huacha dawa wapendavyo. Lawama hiyo haina haki. Mtu aliyepewa vidonge bila kuambiwa kuwa atavimeza maisha yake yote, kisha akajisikia mzima, kwa nini asiviache? Hivyo ndivyo tulivyomzoesha katika malaria: ukimaliza dozi, umepona. Zahanati zetu zilikua zikipambana na maradhi yanayokuja na kuondoka. Presha haiondoki. Kwa hiyo ni utaratibu wa huduma unaopaswa kubadilika kwanza, ndipo tumlaumu mgonjwa.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka wazi kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kushiriki si kuchimba msingi wa zahanati tu. Ni pamoja na kusema pale huduma inapopwaya, na kusikilizwa.

Hapana budi, basi, mgonjwa wa presha apewe tarehe ya kurudi na dawa za kumfikisha tarehe hiyo. Kamati zinazosimamia vituo vyetu ziwaulize wagonjwa hawa wanaionaje huduma, na majibu yao yaandikwe. Mtumishi anayeagiza dawa akumbuke kwamba kuchelewa kwa karatasi mezani pake ni mwezi mzima bila vidonge kijijini. Na mwalimu, ambaye maneno yake huaminiwa, awaeleze wazazi kuwa kujisikia mzima si kupona.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mgonjwa wa presha hakuficha. Alikuja mwenyewe zahanati. Tusimrudishe nyumbani mikono mitupu.