Bumu kapewa "bangi ya paka", mimi nikakumbuka mtihani wa Kidato cha Pili

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki mbili hizi zilikuwa za majaribio mfululizo, halafu kulikuwa na ile kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi na mwenzangu mmoja, wengine tuliwaandika majina tu kwa huruma. Leo nimepata upenyo, nawaletea habari ya paka. Ndiyo, paka. Msikimbie, humu ndani kuna kitu kinaniuma na nimeona bora nikitoe.

Wanaokaa jengo letu wanamfahamu Bumu. Kwa mlio mbali, Bumu ni paka dume wa kijivu, sikio moja limechanika, hana mwenyewe. Jina alipewa na kaka zetu waliokwisha kumaliza, kwa sababu tabia zake ni zile zile za fedha za mkopo: anachelewa kuja, akija hakai, na kila mtu anadai ni wake.

Sasa rumeti wangu ana dada yake anaishi Marekani, Minnesota huko kwenye baridi, na huyo dada anafuga paka wawili. Mwezi uliopita akamtumia mdogo wake mzigo: viatu, fulana mbili, chaja, na chini kabisa panya wa kitambaa, tumbo limejazwa majani makavu. Kikaratasi kimeandikwa "cha paka wenu wa hosteli". Tukamrushia Bumu, tena kwa kutania tu.

Jamani! Kwanza kanusa. Akalamba, akatafuna, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Kisha akaanza kujisugua mashavu, kushoto, kulia, akajiangusha chini, akabiringika, udenda unamtoka, macho yamelegea. Korido nzima ikajaa. "Bangi ya paka hiyo!" Simu juu, video zinachukuliwa. Dakika kama kumi hivi, akanyanyuka, akatuangalia kama anayeuliza mnashangaa nini, akaondoka zake. Tukamfuata na yule panya, hata hakumgeukia.

Ndipo mmoja akatafuta bei mtandaoni. Kimfuko kidogo tu cha majani yale ni karibu hela yangu ya kula ya siku mbili. Hapo kelele zikaanza upya. "Wazungu wana hela za kuchezea." "Sisi hatujala, wao wanawalewesha paka." Na mimi, nakiri, nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele zaidi.

Lakini usiku sikulala vizuri (joto, na mbu, tutakuja kwa hao mbu). Nikaanza kusoma habari za hayo majani. Na kadiri nilivyosoma ndivyo kicheko kilivyonikauka.

Mmea wenyewe kitaalamu unaitwa Nepeta cataria. Asili yake ni Ulaya na Asia, Marekani ulifika na walowezi na sasa unaota kando ya barabara kama gugu. Uko familia moja na mnanaa. Mafuta yake yana kemikali iitwayo nepetalaktoni, na hiyo ndiyo inayomshika paka, kwa kupitia pua. Si bangi. Hauna undugu wowote na bangi, ingawa wapo wataalamu waliowahi kuchanganya: mwaka 1969 jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha makala kwamba watu wanaovuta majani haya wanalewa, halafu ikaonekana picha za mimea miwili zimebadilishana, bangi imeandikwa jina la huu na huu umeandikwa jina la bangi. Jarida la madaktari hilo! Kwa hiyo wanajengo wenzangu mmesamehewa.

Kinachofanya soko lipanuke ndicho kilichonivutia kwanza. Si kila paka anashikwa. Mtafiti Neil Todd alionyesha mwaka 1962 kwamba ni jambo la kurithi, na kwa hesabu ya jumla ni paka wawili kati ya watatu. Vitoto vya paka havina habari nayo kabisa. Sasa fikiria wewe ni muuzaji: theluthi ya wateja wako wanarudi nyumbani, paka anaangalia mdoli kama anavyoangalia ukuta. Utafanyaje? Unatafuta mmea mwingine. Wajapani walikuwa nao siku zote, mti wa kutambaa wa milimani uitwao matatabi, na wana msemo wa paka na matatabi kwa kitu ambacho mtu hawezi kukikataa. Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti wa paka 100 huko Marekani: karibu 80 katika mia waliitikia matatabi, na katika wale waliokataa majani ya kawaida, karibu robo tatu waliukubali huu. Mizizi ya valeriani na mbao ya kichaka kimoja kinachoitwa Lonicera tatarica zikapata kama nusu ya paka. Basi siku hizi dukani unakuta vijiti vya matatabi vya kutafuna, unga, dawa ya kupuliza, hadi mapovu ya kupeperusha. Soko limekuzwa na paka wabishi.

Na kuna mmoja uko hata kwetu huku kwenye joto, Acalypha indica, gugu la kawaida la nchi za kitropiki. Mizizi yake ikichimbwa paka wanachanganyikiwa. Wamalay wanauita kucing galak, na kucing ni paka. Ila msitoke sasa hivi na jembe, mmea huo umewahi kuwadhuru watu wenye upungufu wa G6PD, damu yao huvunjika. Nawajua nyinyi, kuna mtu angechemsha chai.

Haya, sasa nafika panaponiuma.

Mwaka 2021 watafiti wa Japani, kundi la Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate pamoja na wenzao, waliuliza swali ambalo korido yetu haikuuliza: paka anapata nini? Wakaona kwamba akinusa, mwili wake mwenyewe unatoa endofini, ile ile inayomfanya mtu ajisikie raha, na ukimpa dawa ya kuizuia hajisugui tena. Hiyo ndiyo raha. Lakini kujisugua kwa nini? Wakaweka karatasi yenye kemikali ya matatabi ukutani na juu kwenye dari ya tundu. Paka hakubiringika. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha, akapeleka uso kwenye karatasi. Maana yake kugaagaa si kulewa, ni njia ya kujipaka. Kisha wakawaweka paka kwenye mbu aina ya Aedes albopictus, na wale waliojipaka walituliwa na mbu wachache, karibu nusu tu ya wenzao. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hata kule kutafuna kuna kazi, jani likichanika linatoa kemikali nyingi zaidi.

Mwaka huo huo wa 2021 wengine, wa Lund na Northwestern, wakaeleza kwa nini mbu wanakimbia: mafuta hayo yanawasha kihisio chao cha maumivu, ambacho kwa binadamu hayakiwashi. Na kabla yao, mwaka 2011, ulitoka utafiti uliojaribu mafuta hayo hayo dhidi ya mbu wa Afrika, akiwemo Anopheles gambiae, huyu huyu wetu wa malaria, pamoja na kupe wa ng'ombe. Yalifukuza.

Yaani Bumu alikuwa anajipaka dawa ya mbu. Sisi tukachukua video.

Sasa mnisikilize. Mwaka jana TP yangu niliifanya shule moja ya kata mkoa wa Kilimanjaro, huku bondeni kwenye mpunga na mbu. Nilifundisha Baiolojia Kidato cha Pili. Nikatoa zoezi, swali mojawapo: taja njia tatu za kujikinga na mbu. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akaandika chandarua, akaandika kufukia madimbwi, na ya tatu akaandika, katikati ya Kiingereza chake cha kuungaunga, neno moja la Kiswahili: kivumbasi.

Nikapiga mkasi mwekundu. Mara mbili. Mmoja kwa sababu ni Kiswahili, wa pili kwa sababu haimo kwenye kitabu. Akanyanyuka kwa adabu kabisa, "Lakini mwalimu, bibi anakitia kwenye makaa kila jioni." Nikamjibu, na nakumbuka hadi sauti niliyotumia, "Hapa tunajibu kisayansi." Darasa likacheka. Akakaa. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Kivumbasi, wadau, kiko familia ile ile ya mnanaa na ile Nepeta. Na mwaka 2008 kwenye Malaria Journal ulitoka utafiti wa Eliningaya Kweka na wenzake juu ya mimea ya kufukuzia mbu inayotumiwa na wenyeji kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kaskazini mashariki! Kule kule nilikokuwa nimesimama na chaki. Na miongoni mwa mimea hiyo imo ya jamii ya kivumbasi. Bibi yule alikuwa kwenye jarida la kimataifa, mimi mwalimu sina habari, nimemkata maksi mjukuu wake.

Kuna atakayesema, basi tufungashe kivumbasi tuuze. Sawa, atakayeuza auze, sina ugomvi. Ila siyo ninachokisema. Mtu wa Minnesota anayenunua panya wa majani anamnunulia paka wake furaha ya dakika kumi, na mimi sioni ubaya. Paka hawi mteja wa kudumu kama mvuta sigara, akitosheka anaondoka, anakaa muda ndipo aitikie tena. Ninachokiona ni kwamba kule, paka akijisugua, mtu anauliza kwa nini, anapima, anaandika, anauza, mwingine anapima tena. Nasi tuna jani linalofanya kazi ya jamii hiyo hiyo, limepimwa hata na Watanzania wenzetu, halafu mwalimu (mimi) anamnyamazisha mtoto kwa sababu kalitaja kwa jina analolijua. Nilikuwa mwepesi kucheka hela za watu kuliko kusoma kilichoandikwa juu ya uani kwetu.

Na tusidanganyane upande wa pili pia. Simwambii mtu aache chandarua. Mafuta ya mimea hii yanaruka haraka, saa chache tu nguvu imeisha, na moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa una madhara yake. Rumeti wangu mwenyewe alilazwa na malaria mwaka wa kwanza, alikosa mitihani miwili, hatuna mzaha na hilo. Lakini swali lilisema taja njia tatu za kujikinga. Halikusema taja iliyo bora. Jibu lake lilikuwa sahihi.

Juzi nikampigia mwalimu aliyekuwa ananisimamia kule shuleni. Nikamweleza yote, paka, Wajapani, kivumbasi. Akacheka sana. Akasema maksi zile ziliishapelekwa zamani, kijana yuko Kidato cha Tatu sasa, amechagua masomo ya sanaa. Hiyo ya sanaa ilinichoma, ingawa huenda ameyapenda tu mwenyewe, sijui. Nikamwomba amfikishie ujumbe kwamba lile la tatu alipata, mwalimu ndiye aliyekosa. Akasema atamwambia gwaride la asubuhi, nikamwomba asimwambie gwaridani, amwite pembeni.

TP ijayo nimeomba mkoa ule ule. Shule itakayonipokea siijui, ila swali la mbu nitalitoa tena.

Na kwa wanaouliza, yule panya wa kitambaa bado tunaye, tumemfunga kwenye mfuko wa plastiki ili harufu isiishe, Bumu anapewa mara moja kwa wiki, Jumamosi. Nimepanda pia mche wa kivumbasi kwenye kopo la rangi pale dirishani, aliuleta mama mmoja anayefagia jengo letu, nilipomwuliza kama anaujua alinishangaa. Bumu kaunusa, akapiga chafya, akaelekea kafeteria.